Jiwe la Kimo Changu

Mjomba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza barua bila shikamoo utanuna huko huko uliko, nakujua.

Kule Matombo migomba yako imezaa mpaka tumeiwekea miti ya kuiegemeza. Mama, dada yako, bado anakumiminia chai kila asubuhi, halafu anakumbuka, anainywa mwenyewe kwa hasira. Mimi nimerudi mjini, Mafiga, kwenye chumba changu kilekile. Nakuandikia kwa sababu mbio zimekwisha, na mtu niliyetaka kumwambia wa kwanza ni wewe.

Unakumbuka nilivyovunjika kifundo cha mguu? Bingwa wa zile kilomita kumi za mjini, mara mbili mfululizo, nikajiona nimefika. Kumbe nikateleza na mkungu wa ndizi shambani kwetu, njia niliyoipita tangu utotoni! Aibu gani ile. Plasta, mkongojo, mwaka mzima. Nikasema basi, nikakupa raba zangu za pinki. Na wewe na huo mguu wako mdogo, bila haya, ukaanza kuzivaa shambani! Kijiji kizima kinacheka. Nikikuambia vua, Mjomba, unaniaibisha, unajibu, "Siku ukizitaka, nitavua."

Nikazitaka. Nikarudi kwenye mbio, na kwenye kile kilima cha mwisho pumzi ikakata, nikakaa kando ya barabara. Nipumzike kidogo tu. Sikuinuka tena. Nikaona migongo ya watu wote, hata wale niliokuwa nawacheka. Wewe ulisimama ng'ambo na chupa yako ya chai, ukavuka kunichukua, tukarudi nyumbani.

Asubuhi yake ukanitwisha mkungu, ukachukua wa kwako, tukashuka. Njiani nikachoka, nikautua chini. Ukaniangalia. "Haya, jitwike." Nikajaribu, wapi! Mkungu mkubwa huutoi ardhini mpaka kichwani peke yako, lazima apatikane mtu wa kukutwisha, na wewe siku hiyo ukakunja mikono utadhani hunijui. Nilikutukana moyoni, unisamehe. Mwishowe ukanitwisha, tukaenda hatua chache hadi kwenye lile jiwe refu pembeni ya njia. Ukasema, "Kuchoka ruksa. Ila tua hapa, penye kimo chako. Ukitaka kuondoka unainamisha kichwa kidogo tu, unaingia chini ya mzigo, huhitaji mtu. Jana ulitua chini, Zena. Ndiyo maana."

Kisha masika ikaja, ukaumwa siku nne, ukaondoka.

Kuna jambo bado linaniuma. Siku ya kukuzika wanaume walikuinua begani, wakapokezana njia nzima, kila mtu anataka thawabu ya kukubeba hata hatua tatu. Sisi wanawake tukabaki uani. Ndivyo ilivyo, sibishi. Lakini Mjomba, umenitwisha tangu nikiwa wa kindoo cha lita tano, na mimi sikupata hata kukushika. Nilisimama pale na ngata yangu mkononi, ile ya kuwekea mzigo kichwani, wala sijui niliiokota wapi.

Nikasema sikimbii tena. Nani atanitwisha? Halafu mama akatoka chumbani kwako na zile raba, nilizozitupa kwa hasira siku ile niliyokaa. Ulikuwa umezifua, umezijaza magazeti ndani zisijikunje. Ulifanya lini hayo, mzee wangu? Nililia mpaka kwikwi ikanishika.

Basi nikakimbia. Tulianzia Msamvu, nikatulia katikati ya wenzangu. Kufika kilimani, pale pale, miguu ikagoma. Nikautamani ule ukingo wa barabara, sikufichi. Lakini sikukaa. Nilitembea, Mjomba, mikono kiunoni, kidevu juu, nikihesabu hatua. Kijana mmoja akapaza sauti, "Dada, tukuitie boda?" Nikacheka, na kile kicheko kikanirudishia pumzi. Nikainamisha kichwa kidogo, vile vile kama pale kwenye jiwe, nikaondoka. Wawili walikuwa mbele yangu. Mmoja nilimpita kwenye kona. Wa pili nilimpita utepe nikiuona.

Medali anayo mama, ameitundika juu ya kitanda chako na hataki mtu aiguse. Mwakani nitakimbia tena, nishinde nisishinde, na nikichoka nitatua penye kimo changu. Hilo nakuahidi.

Pumzika sasa, Mjomba wangu. Watu wananiuliza nilikuwa nawaza nini pale kilimani, na wote nawadanganya. Wewe nakuambia kweli. Ile zamu ya kukubeba niliyoikosa siku ya maziko, niliichukua kwenye mbio. Nilikubeba mimi, kilomita zote kumi, na sikukutua chini.

Mpwa wako,
Zena