Maziwa Yaliyomwagwa Kapkatet

Jumanne jioni

Imezima tena. Hii mashine ya kupoza maziwa inafanya kazi dakika ishirini, kompresa inachemka hata huwezi kuigusa, halafu inajizima. Nimeosha vumbi lote, nimebadilisha feni, nimepima gesi mara mbili. Kila kitu kiko sawa, na bado.

Saa tisa maziwa ya asubuhi yalishaanza kunuka. Mimi na Kiprono, karani wetu hapa kituo cha maziwa, tukamwaga tanki lote kwenye mtaro. Wakulima walisimama getini wakitazama. Afadhali wangenitukana.

Ni Mama Chebet tu aliyekuja karibu. Ana ng'ombe mmoja.

"Fundi, kesho nilete ama nisilete?"

Nilitaka kumwambia alete, itakuwa imepona. Ndivyo nilivyomwambia Jumapili, na jana pia.

"Usilete, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru. Kunishukuru! Kisha akabeba mtungi wake mtupu akateremka katikati ya mashamba ya majani chai. Nikabaki nimeshika spana, sijui hata ni nati gani imebaki ya kufungua.