Presha Niliyomwandikia Akinyi

Alhamisi, saa kumi jioni. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Nina hasira, na wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Jumatatu nilipita kwa Akinyi, jirani yangu hapa mtaani Gatwekera. Ana mimba ya miezi minane. Mimi ni mhudumu wa afya wa mtaa, mashine ya kupima presha haitoki begini mwangu. Nikamfunga mkono, ikasoma 158 kwa 104, juu mno kwa mjamzito.

"Rudia, Mama Brayo. Si umeona nimetoka kubeba mtungi wa maji?"

Huku kwetu hakuna anayekubali kipimo cha kwanza. Tunabishana na presha kama tunavyobishana na bei ya sukuma sokoni. Pumzika, kunywa maji, rudia. Mara ya tano ikasoma 138 kwa 88. Akinyi akapiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, nikaandika hiyo ya mwisho peke yake kwenye kijitabu chake cha kliniki.

Aliogopa kutumwa hospitali kubwa, maana wengi hapa wanaamini ukifika huko ni kupasuliwa tu. Nilimwonea huruma. Huruma ya kijinga.

Leo asubuhi nimemkuta akifunga mlango aende kazini. Uso umevimba. Akasema kichwa kinamuuma tangu jana na macho yanaona nyotanyota. Hizo ni dalili za presha ya mimba, nikamwambia twende hospitali sasa hivi.

"Aki si wewe ndio uliandika niko sawa? Wacha nikafue kwanza, tutaenda kesho."

Akatia ufunguo mfukoni, akaenda zake.

Ningemwambia tu kwamba nilificha zile nne za kwanza. Niliona aibu. Aibu ya nini, mbele ya roho mbili?

Mchana nimeshindwa kukaa, nikaja Nyayo Highrise, kwenye maghorofa anakofulia watu nguo. Simu yake imezimwa. Askari wa geti aliniuliza ninaenda nyumba gani. Sijui. Nikamwonyesha mashine, nikamweleza yote.

"Mathe, wanaofua hapa ni wengi. Huyo wako ako block gani?"

Hilo pia sijui. Kwa hivyo nimekaa nje ya ukuta, naandika haya kwenye simu. Kila ghorofa ina nguo mbichi, na baadhi amezianika yeye, na kichwa kikimuuma.

Wafuaji wameanza kutoka. Kila akitokea mwenye leso kiunoni kama yake nasimama, halafu nakaa tena.

Mungu wangu, anitukane akitaka, lakini atoke akitembea.