Mikan Ameingilia Posa Yangu

Jumamosi, 16 Aprili 2016 – Columbus

Posa yangu imekwama. Sababu: marehemu George Mikan, mchezaji wa basketi wa miaka ya arobaini na hamsini. Simjui. Hakunijua.

Sisi ni Washi, kwao mchumba wangu Gasore ni Wanyamulenge: makabila mawili ya Kongo yasiyoaminiana. Kila mtu aliogopa hilo. Hakuna aliyemwogopa Mikan.

Kaka Zéphyrin alitoka Louisville hadi sebuleni kwao Gasore kusema kwa niaba ya marehemu Papa. Alisema vizuri – salamu, ukoo, sifa zangu (nyingine za uongo). Kisha akaona ukutani picha ya mzungu mrefu mwenye miwani, akauliza huyo ni pasta gani. Papa Rutebuka, baba yake Gasore, akajibu kwamba ni Mikan, mkubwa kuliko wote waliowahi kulipwa kucheza basketi. Bon. Kaka anamwabudu Curry, nyota wa basketi wa siku hizi. Akacheka. Akasema zama zile walicheza mafundi bomba na wauza maziwa, na huyo kipofu leo asingepata hata kazi ya kuwapa wachezaji taulo.

Kipofu! Miwani ya Papa Rutebuka ni minene kuliko ya Mikan.

Mzee alisimama, akatutakia safari njema. Wali ulikuwa bado jikoni.

Jumatatu, 18 Aprili – Buffalo

Gasore kapiga simu. Eti baba yake alipokuwa mtoto kule Uvira alichekwa shuleni kwa ajili ya miwani. Hakuna timu iliyomtaka. Padri mmoja akamwonyesha picha ya Mikan kwenye gazeti. Basi akaingia uwanjani, miwani imefungwa kwa kamba, akacheza. Donc, kwa hiyo, si habari ya basketi hata kidogo.

Nikamweleza kaka. Akasema ataomba msamaha kuhusu miwani. Kuhusu Mikan, hapana. Kichwa kigumu.

Jumatano, 20 Aprili

Mapumziko kazini Kenmore, kwenye nyumba ya kutunzia wazee; wazee wetu wamelala. Nimemtazama Mikan YouTube. Mungu wangu. Mwendo ule! Na wale wanaomkaba – mmoja ana tumbo la diwani.

Ila nimesoma pia: alifunga mno mpaka wakubwa wa ligi wakapanua eneo la chini ya kikapu, asimame mbali kidogo. Walichora uwanja upya sababu ya mtu mmoja. Nimerudia video. Mwendo ni uleule.

Jumamosi, 23 Aprili – Columbus, chooni

Kaka ameomba msamaha wa miwani. Umekubaliwa. Tumekaa mezani, hakuna anayetazama ukuta. Nilianza kupumua. Ndipo mzee akanigeukia.

"Na wewe, binti yangu? Umemwona akicheza?"

Nikasema ndiyo.

"Basi sema ukweli. Anayeingia nyumba hii asinidanganye."

Gasore akanikanyaga mguu chini ya meza. Akanikanyaga tena.

"Papa, anakimbia kama mtu anayepandisha friji ngazini."

Kaka akajidai anakohoa. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, taratibu, akaivaa.

"Endelea."

Nikaomba kwenda choo.

Nusu ya pili ya ukweli bado iko mdomoni: kwamba kwa ajili ya Mikan walichora uwanja upya, na kwa Curry hawajagusa hata mstari. Nikiisema, kaka atanuna mpaka Louisville. Nisipoisema, nitaolewa nikikumbukwa kwa friji tu – au nisiolewe kabisa.

Mama Nyirarukundo, mkwe wangu Mungu akipenda, amegonga mlango. Anasema Papa Rutebuka anauliza kama nimetoroka kupitia dirishani.

Dirisha ni dogo. Nimeshaangalia.