Mguu Wangu Haukatwi

Kwa mama yangu, huko Mzenga.

Shikamoo mama. Vipi presha, na Zubeda anakusumbua? Mimi huku India ni mzima, alhamdulillahi, na leo nakuandikia kwa majivuno, unisamehe.

Hii saratani ya mguuni wanaitibu kwa dripu na joto kwa pamoja. Dawa inaingia mkononi, na mguuni wananifunga kitu kama godoro dogo la moto kwa saa nzima. Daktari alinieleza kwamba joto la kiasi hufungua mishipa ya ngozi, damu ikajaa, na dawa ikafuata damu mpaka kwenye ugonjwa. Likizidi, mishipa hujifunga na ngozi huungua. Kwa hiyo wanabandika waya mwembamba kwenye ngozi, na kompyuta inaonyesha damu inavyopita.

Sasa mimi, uliyenikanda mwenyewe kwa maji ya moto nilipomzaa Zubeda, kila nikiguna unaniambia mzazi hapigi kelele, nikaona mashine itanifanya nini? Siku ya tatu ikanichoma kweli. Salma, binti wa Tanga anayesomea uuguzi hapa na ndiye anayenitafsiria, akauliza kama naumia. Nikasema hapana, na tabasamu juu. Akatazama kompyuta, akaona damu iliyokuwa imepanda inashuka kwa kasi. Wakazima mashine.

"Dada, ngozi yako inasema kweli, wewe unadanganya," akaniambia. "Mficha uchi hazai."

Kesho yake ngozi ilijaa malengelenge. Daktari akasimamisha matibabu, akasema damu isiporudi pale, mguu utakatwa. Mama, nililia siku mbili. Niliwaza shamba la mihogo, nikamwaza baba Zubeda akinibeba kwenda msalani.

Damu ikarudi. Tulipoanza upya, joto likizidi kidogo tu napiga kelele, mpaka wauguzi wakanibatiza jina la king'ora. Namba za damu kwenye kompyuta zikapanda, zikakaa huko huko juu hadi awamu ya mwisho. Jana wamenipima, uvimbe umesinyaa mno. Kilichobaki watakitoa kwa upasuaji mdogo, na mguu haukatwi.

Nisalimie baba Zubeda huko Mlandizi, na shangazi aliyenisomea dua. Kaka yangu seremala nimesikia ameshanunua mbao za kunichongea magongo. Mwambie achonge kigoda, nitakikalia nikichoka kutembea.

Ni mimi mwanao mwenye miguu miwili,
Mwajuma