Pango Nililoandika Kuwa Halijibu

Mama yangu,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Ndugu yangu Haji kaniandikia kwamba siku hizi ngazi unapanda kwa kupumzika, na dawa ya kuchua hutaki kupakwa na mtu. Mimi nnakula, nnakwenda kazini. Baridi ya huku Ujerumani nshaizoea.

Utashangaa, barua ya karatasi zama hizi! Nimempa Mpemba mmoja anayekuja likizo, akufikishie mkononi. Nnajua umekasirika kwa kuwa sipokei simu. Mama mdogo Zuhura kaniandikia, "Mama yako hasemi kitu, lakini chakula hali vizuri." Basi nikwambie mapema, usije ukasoma mpaka chini ukadhani nnazunguka: Mama, masikio yangu yanakufa. La kushoto limekwisha. La kulia limebaki kidogo.

Nimeiandika hiyo na sikuhisi kitu. Hata daktari aliponipa habari sikuhisi kitu. Nilimuuliza choo kiko wapi.

Kazi yangu unaijua, ingawa majirani unawaambia nnafundisha muziki. Tunataka kujua watu wa kale kabisa, wa kabla ya chuma na kabla ya maandishi, walikuwa wakisikia nini. Mifupa yao ipo, majivu ya moto wao yapo, lakini sauti haikubaki. Kwa hivyo tunachonga filimbi za mfupa wa bawa la ndege, tukifuatisha zile zilizofukuliwa, tunazipuliza mapangoni, kisha tunasikiliza pango linaifanya nini ile sauti. Mengine yanaimeza. Mengine yanairudisha mpaka unaisikia kifuani, na hapo unafahamu kwa nini watu walikusanyika hapo wakaliacha la jirani. Mtambo unarekodi, lakini mkuu wetu hutaka na mtu aandike kwa sikio lake mwenyewe. Mtu huyo alikuwa mimi. Kati ya wote walinichagua mimi kwa sikio langu, na nilijiona kweli.

Mwaka jana tulipokuja Unguja tulifanya kazi kule kusini, kwenye pango moja la matumbawe lenye maji chini. Mzee anayelitunza alitaka tupige hodi kwanza, tukapiga. Mwenzangu akaingia ndani na filimbi, mimi nikakaa mlangoni na daftari. Filimbi niliisikia, kwa mbali. Mwangwi sikuusikia. Nikaandika: pango halijibu. Siku tatu nikaandika hivyo hivyo. Yule mzee alinitazama sana, akasema, "We binti, hiyo huisikii?" Nikamwambia, "Nnaisikia, mzee wangu," nikacheka. Nilidhani anasema habari za mizimu.

Mwezi uliopita ndipo walipolinganisha daftari langu na mtambo. Pango linajibu, Mama. Linajibu mara tatu, wazi kabisa. Sauti nyembamba za juu ndizo za mwanzo kunitoka, nami nikalisingizia pango. Mkuu alitufungulia ile rekodi kwenye spika, wenzangu wakawa wanatikisa vichwa, mimi nimekaa nnatazama midomo yao. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alinipeleka hospitali mwenyewe. Sasa wamenipa kazi ya kupanga picha za mifupa na kuandika namba chini yake, nami nnapanga. Nikirudi nyumbani nnakaa kitini na koti langu mwilini mpaka nikumbuke kulivua. Nnangoja kilio, hakiji.

Lakini lililonishikisha kalamu ni jengine. Safari ileile nilikuja kwako siku mbili. Nilikuwa juu nnaanua nguo, wewe uko jikoni, Mama mdogo na wageni wamekaa ukumbini. Uliniita. Baadae ndipo nilipoambiwa: uliniita mara nne, wala sikusema naam. Niliposhuka nikakuta wageni wanatazama mkeka, na wewe ukasema mbele yao, "Huyu Ulaya ishamtoa adabu. Namwita kama naita ukuta." Na mimi, kosa langu silijui, nikakujibu, "Mama, nimechoka na lawama zako." Siku ya kuondoka ulinipa mkono bila ya kunitazama. Kila safari hunambia radhi umenipa. Siku ile hukusema.

Mama, sikusikia. Wallahi sikusikia. Ule ukimya haukuwa wangu. Yale maneno yalikuwa yangu, tena mabaya, na nnakuomba radhi kwa hayo. Kila kitu kwangu siku hizi ni ganzi, isipokuwa hili moja la radhi yako. Hili linauma.

Nnarudi. Mkataba wangu unakwisha kabla ya Ramadhani na mwengine sikuuomba. Wamenipa vifaa vya kuvaa masikioni; chumbani vinasaidia, kwenye kelele za soko la Darajani sivitegemei. Labda pale chuoni Tunguu nitapata cha kufundisha, labda nisipate. Na usianze habari za hasadi, nnakujua! Hakuna aliyenihusudu. Daktari kasema ni mishipa ya masikio, basi.

Nisalimie Mama mdogo, mwambie namshukuru kwa kuniandikia. Nisalimie ndugu yangu Haji, aache kunitumia sauti kwenye simu, aandike, tena aandike maneno mazima. Na fundi wetu wa nguo wa Mlandege, mwambie lile baibui asiliuze, nnakuja kulichukua.

Nikifika sitaki watu wengi uwanja wa ndege. Nataka uniite tu, kama ulivyokuwa ukiniita. Nikinyamaza usinune. Njoo uniguse bega, nitaitika naam.

Mwanao,
Mwanakhamis