Kifurushi cha Mama Yako

Habili, ndugu yangu,

Kuna jambo nimekuficha tangu tuliposafiri na timu ya taifa kwenye michezo ya dunia ng'ambo, na tumekuzika Kihagara hujalijua. Linahusu kifurushi cha mama yako. Nimelificha kwako, kwa mama yako, na kwa kila padri aliyeniungamisha hapa Mapera kwa miaka thelathini. Sasa kifua changu kimechoka. Daktari wa misheni ameacha kunidanganya, nami sitaki nikukute huko na uongo ule ule mdomoni.

Lakini kwanza upate habari, maana nina hasira.

Tangu ulipoondoka mambo yamegeuka. Ushirika si mnunuzi pekee wa kahawa tena. Matajiri wanapanda na malori yao mpaka Namswea huku milimani, kila mmoja na mzani wake. Mmoja wao ameteremka hadi kwenu ziwani, ameahidi magoli ya chuma na jezi, ili mradi uwanja wa mpira uitwe jina la kampuni yake. Wazee wenu walikuwa wameshakubaliana uitwe jina lako. Nikaomba lifti, nikashuka kwenye kikao cha kijiji na mkongojo wangu.

Wakala wake ni kijana wa suruali iliyonyooka. Aliniamkia shikamoo kwa adabu kabisa, kisha akauliza mbele ya watu, "Lakini mzee, mtu aliyeshika mkia anapewaje uwanja?"

Wakacheka, hata wa kwenu. Nikamjibu, "Alishika mkia wa dunia, mwanangu. Wewe umeongoza wapi?"

Wakacheka tena, safari hii upande wangu. Lakini mwenyekiti aliahirisha hadi Jumamosi ijayo, kwa sababu mzee mmoja alisema neno lililowagusa wengi: kwamba ulikwenda huko bila kujiandaa, ukaliaibisha taifa.

Hilo silikubali. Mimi nilikuwepo. Nchi ilikuwa changa, bendera yetu mpya mpaka mikunjo ilionekana ilipopandishwa. Tulikuwa wachache kuliko kwaya ya parokia. Bondia wetu alipigwa raundi ya kwanza, akampa mkono aliyempiga. Mrusha mkuki wetu alikanyaga mstari mara tatu, kwa kuwa nyumbani alikuwa akirushia shambani, na shamba halina mstari. Hatukurudi na medali hata moja, na sioni haya kusema hivyo. Wenzetu walikuwa na makocha na madaktari. Wewe ulijifunza kukimbia kwenye mchanga wa ziwa, kisha ukaja kwetu milimani ukawa unapanda na kushuka kati ya ngoro, yale mashimo ya mashamba yetu ya mitelemkoni, mpaka wakulima wakauliza nani anakufukuza. Huko ndiko kutojiandaa?

Mama yako naye alijiandaa. Alitufungia unga wa muhogo na usipa, wale dagaa wa ziwani kwenu, aliowakausha mwenyewe, akakikabidhi kifurushi kwangu, si kwako, kwa sababu alijua ungewagawia watu njiani. "Mwalimu," aliniambia, "huyu akila cha nyumbani, miguu inamtii." Nilikuwa katibu wa timu kwa ajili ya Kiingereza changu, na mizigo yote ilipita mikononi mwangu.

Tulipofika nilikuambia maofisa wa uwanja wa ndege wamekichukua, kwamba wanaogopa wadudu. Hukugomba. Ulisema tu, "Basi, ndiyo sheria yao." Siku nne ulishindia chai na mkate. Nyama yao ilikurudi kila ulipoimeza. "Mwalimu, mkate huu ni kama kutafuna pamba," ulisema, ukacheka, na mimi nikacheka nawe. Nilicheka, Habili.

Siku ya mbio zako za mita elfu tano, mizunguko saba ulikwenda nao bega kwa bega. Wa nane miguu ikakuacha. Wenzako walipomaliza, ofisa mmoja alikupungia mkono utoke, na watu wakaanza kupanga viunzi vya mbio zinazofuata. Ulimpita yule ofisa kama humwoni. Ukavizunguka viunzi kimoja kimoja, ukamaliza mizunguko yote kumi na miwili na nusu. Hilo halikuandikwa popote. Ripoti niliiandika mimi, na niliandika: "Mkimbiaji hakuwa amejiandaa vya kutosha." Ni maneno yale yale ya mzee wa kikaoni. Aliyapata wapi? Yalitoka kwenye kalamu yangu, yakasomwa ofisini, yakatangulia kufika Kihagara kabla yetu.

Tuliporudi, mama yako hakuuliza ulishika nafasi ya ngapi. Aliuliza, "Alikula?" Ukamjibu wewe, kwa niaba yangu, kwamba maofisa walikichukua. Aliwalaani maofisa wale mpaka alipokufa. Nilikuwa nimekaa hapo hapo jikoni kwake, nakula samaki wake.

Siku hizi usipa wanapandishwa kwa malori hadi soko la Mbinga, na watu waliovaa tai wanawanunua bila kuangalia pembeni. Mimi siwezi. Napita upande wa pili.

Jumamosi nitakuwa Kihagara. Nikishindwa kutembea wanibebe kwenye machela, wameshabeba wagonjwa wazito kuliko mimi. Nitasimama mbele ya wakala, mbele ya mwenyekiti na mbele ya ukoo wako, nami sitanong'ona. Wakitaka kunizomea wanizomee; yaliyobaki ya kunitisha ni machache. Jina lako wataliandika pale uwanjani, na langu waliseme wanavyotaka. Pumzika, ndugu yangu. Usinisamehe upesi. Ningoje nifike, unitazame usoni kwanza.

Nitakaloliambia baraza ni hili. Hakuna ofisa aliyegusa chakula chako. Mpishi wa hosteli tulikofikia alikuwa ameshakubali kutuachia jiko. Hakuna mtu hata mmoja aliyelalamika. Mimi ndiye niliyeona haya, mimi mwenye elimu, kwamba timu yetu itanuka usipa mbele ya mataifa. Nilikibeba kifurushi cha mama yako mpaka kwenye pipa la taka nyuma ya jiko lile, nikakitupa kwa mkono huu unaoandika.