Novatus Amesema Hanijui

Nkololo,
S.L.P. 40, Bariadi.
17 Agosti 1996.

Mdogo wangu mpendwa Kwandu,

Mwangaluka! Mmeamkaje huko Mpanda? Shemeji bado anakoroma kama mashine ya kusaga? Huku wote wazima, isipokuwa mimi.

Ule mguu uliovimba, hospitali ya Mwanza walisema damu imeganda ndani. Wakanipa vidonge vya kuyeyusha damu, wakasisitiza niwe narudi kupimwa, maana damu ikizidi wepesi ni hatari. Sasa mwanao Novatus, tangu serikali iruhusu watu kufungua maduka, si ana duka la dawa hapa senta? Lile lililosimama kwa fedha za ng'ombe wangu. Akaniambia, "Mjomba, Mwanza ya nini? Vidonge hivyohivyo ninavyo." Nikafurahi kama mjinga, nikawa nameza tu bila kurudi kupimwa.

Mara nikaanza kukojoa mkojo mwekundu. Nikamwendea, akacheka: "Kichocho hicho, mjomba! Uzee wote huo bado unaogelea kwenye majaruba ya mpunga?" Nami nikacheka, maana utotoni sote tulikojoa hivyo, tukashindana mkojo wa nani mwekundu zaidi. Akaniuzia dawa ya kichocho, na vile vya damu akasema niendelee.

Kisha mkojo ukakata kabisa. Uso ukavimba nikafanana na shemeji. Mke wangu Milembe akanipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi Bariadi, akamweleza daktari dawa nanunua kwa Novatus. Daktari akaagiza aitwe. Novatus akaja. Labda aliogopa kunyang'anywa leseni, sijui. Kwandu, mtoto niliyemfundisha kufunga kaptula alinitazama usoni akasema, "Huyu mzee simjui. Hanunui kwangu."

Milembe akafungua pindo la khanga, akamwaga vidonge mezani. Ndipo daktari akaelewa: damu ilikuwa nyepesi mno, ikavujia kwenye figo, zikaumia. Vidonge vikasimamishwa, nikachomwa sindano hadi makalio yakawa chujio. Mkojo umerudi, ila wa kuhesabu matone. Kama figo zitapona zote, daktari mwenyewe hajui.

Ya figo nimemsamehe, hakujua. Lile neno alilijua.

Nimemwagiza Milembe: nikifa, Novatus akija kulia "mjomba wangu", ajibiwe kwamba hapa hajulikani. Lakini akija nikingali hai, asimame senta siku ya mnada, aseme kwa sauti mimi ni nani wake. Wewe mama yake, mwambie. Na afanye haraka, mimi sina mkojo wa kumsubiri mwaka mzima.

Nisalimie wanao Salvatory na Nyamizi. Shemeji alale ubavu. Mungu awajalie mvua na maziwa.

Ni mimi nikupendaye, mzee asiyejulikana,
kaka yako Mayige.